Zamu ya Mama Ukumbini

Harufu ya vanishi mbichi hadi leo hunirudisha Keko, kwenye uwanja mdogo nyuma ya karakana ya jirani yetu seremala, ambako mama na wanawake wenzake wa mtaa walifanya mazoezi ya kucheza kila alasiri. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Mama mdogo Neema alikuwa anaolewa na kijana wa Mbezi Beach, na mama, dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea tangu bibi alipofariki na kumwacha angali ananyonya. Mama mwenyewe alikuwa binti tu siku hizo. Aliacha shule akambeba mdogo wake mgongoni. Sasa alitaka jambo moja: aingie ukumbini akicheza na wenzake katika sare yao ya kitenge, kisha ashike maikrofoni awaeleze watu mtoto huyu alivyolelewa, ndipo amkabidhi kwa wakwe. Maneno yake aliyasema peke yake akiosha vyombo, akayasema akichambua mchele, hata nami nikayakariri.

Siku ilipofika tulikalishwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, ambako feni zilikuwa hazifiki. Shughuli ni watu, na watu walikuwepo, tena wa kumwaga. Ila maharusi walikuwa bado ufukweni wakipigwa picha, na njaa haijui mavazi. Mama mmoja aliyemeremeta kuanzia kilemba hadi mkoba alivua viatu akaanza kusonya. Mzee wa suti aliyekaa karibu nasi alikuwa akigeuza shingo kila mlango wa jikoni ulipofunguliwa. Maharusi walipoingia hatimaye, vigelegele vilikuwa vya kulazimisha, na keki ilipokwisha kukatwa sauti ikapazwa kutoka katikati ya ukumbi: “Jamani, sie tunarudi Kimara huko! Leteni chakula!”

Yeyote aliyewahi kuendesha shughuli mjini anajua kwamba chakula huwekwa mwisho, maana ndiyo kamba ya kuwafungia wageni. Mshereheshaji wetu alikuwa kijana wa maneno mengi, lakini manung’uniko yalimtia woga. “Ndugu wageni, itifaki imezingatiwa,” akasema, “tule kwanza, zawadi na nasaha za wazazi tutazifanya tukiwa tumeshiba!” Alishangiliwa kuliko bibi harusi. Mama aliweka soda yake mezani bila kuinywa. “Mbona sie bado?” akamuuliza Mama Asha, jirani yetu. Mama Asha akamshika mkono, akamwambia watu wataona haya kuondoka.

Haya iko wapi mbele ya pilau! Watu wazima walisukumana kwenye foleni kama watoto bombani. Mapaja ya kuku yalifungwa kwenye tishu, yakazama mikobani, na yule mama wa kumeremeta alichomoa mfuko wa plastiki aliokuja nao kutoka kwake. Mzee wa suti alirudi mara ya pili, akala amesimama, akafuta ndevu, akatoka. Wengine walipunga mkono, wengi hawakuaga. Upande wa wakwe wakaondoka meza kwa meza wakisingizia foleni barabarani. Wahudumu walianza kupanga viti vilivyobaki vitupu, na mimi niliwachukia wageni wale kwa chuki ambayo mtoto wa miaka tisa hajui pa kuiweka.

Ndipo mama akaitwa. Mcheza kwao hutunzwa, husemwa, naye mama alicheza kwao kweli, yeye na wenzake, wakipita katikati ya meza zenye mifupa na maganda ya machungwa. Hakuna aliyeinuka kumtunza. Bwana harusi alikuwa akitazama saa. Mama mdogo Neema alisimama peke yake pale mbele, analia, amenyoosha mikono kama anayetaka kubebwa. Mama alipewa maikrofoni, na haikutoa sauti, kwani mpiga muziki alikwisha kuanza kukunja nyaya. Akaigonga kwa kidole. Akavitazama vile viti. “Ahsanteni kwa kuja,” akasema, akairudisha.

Hakulia, wala hakulitaja tena jambo lile. Mimi ndiye niliyelihifadhi. Mwaka jana nilipoolewa, katika ukumbi mmoja wa Kinondoni wenye viyoyozi na skrini kubwa, nilimwambia mshereheshaji kwamba hakuna atakayemeza tonge kabla mama yangu hajasema. Alinitii. Wageni wa siku hizi wana simu za bei kubwa, ila jicho lao kwa mlango wa jikoni ni lilelile. Hata hivyo walikuwepo wote, wametulia, na mama mdogo Neema alikuwa meza ya mbele. Mama alisimama, mvi kichwani, maikrofoni ikinguruma vizuri. Aliwatazama watu kwa muda mrefu hata nikaogopa. Kisha akasema, “Karibuni chakula,” akaketi.

Siku ya pili nilikwenda kumwamkia Keko. “Shikamoo mama.” “Marahaba.” Nikamuuliza kwa nini hakusema, ilhali safari hii watu walikuwa tayari kumsikiliza. Aliendelea kukunja nguo zake taratibu.

“Mwanangu,” akasema, “mie nilikuwa na maneno ya harusi moja tu.”