Kurasa Arobaini za Rufaa Yangu

Tangu Jumanne nacheka peke yangu kwa furaha, kisha nakumbuka watu waliokuwepo, nafunika uso.

Kiwanda kimoja cha majani chai kilininyima kazi kwa sababu ya jina langu la upande wa ziwani, ilhali nilizaliwa hapa hapa Bomet. Nikakishtaki bila wakili. Hakimu akaitupa kesi bila kunisikiliza, eti karatasi zangu zina kasoro. Nikakata rufaa. Nikajifunza sheria kwa simu, nikaandika kurasa arobaini zisizo na kosa hata moja, na nikazikariri zote.

Jumanne tukafika mbele ya jaji mjini Kericho. Kabla sijafungua mdomo, wakili wa kiwanda alisimama.

"Mheshimiwa, hatupingi rufaa. Kesi irudi isikilizwe upya."

Nikajua huo ni mtego. Nilikuwa nimesoma kwamba mawakili hukulainisha kwanza, halafu wanakumaliza. Nikaanza ukurasa wa kwanza kwa sauti.

Jaji akanikatiza. "Bwana Ochieng', umesikia alichosema mwenzako?"

"Nimesikia, Mheshimiwa, na ninapinga vikali!"

Watu wakacheka. Nikapaza sauti zaidi. Nilipofika ukurasa wa sita, mama yangu alisimama kule nyuma.

"Ochi, keti chini, baba! Si wamekubali?"

"Mama, niache! Bado hoja nyingi!"

Jaji akavua miwani, akaniangalia kwa upole.

"Kijana, ndani ya korti hii, anayepinga rufaa yako ni wewe peke yako."