Wapiga Mishale wa Mseti

Tangu shimo la dhahabu lilipoporomoka kule Kiabakari na kumvunja mguu, Mseti alikuwa akiishi Bunda kwa dada yake, Rhobi, fundi cherehani. Alishinda kutwa kwenye kompyuta ya mtumba, akicheza mchezo wa vita. Mbinu yake ilikuwa moja: kuuzingira mji wa adui bila kuuvamia. Njaa ikiwabana, maadui walitoka wachache wachache, wapiga mishale wake wakawamaliza, na kila pambano likawaongezea uzoefu na nyota.

"Sasa mbona mji wenyewe huutekagi?" Rhobi alimuuliza.

"Wa nini, dada? Hapa nje watu wangu hawafi."

Siku Mseti alipokwenda Musoma kuangaliwa mguu, Rhobi akaketi kwenye kompyuta. Alitaka ndugu yake arudi akute mji umetekwa. Akaamuru wapiga mishale wote wapande ukuta. Mafuta ya moto yakamwagwa kutoka juu, na majina ambayo Mseti aliwapa yakaanza kuzimika pembeni mwa kioo: Mugeta. Matiko. Masanja.

Majina hayo aliyasikia kanisani, kwenye misa ya wachimbaji wenzake Mseti waliobaki shimoni. Alitafuta namna ya kurudi nyuma, lakini mchezo ulikuwa umeshajihifadhi.

Mseti aliporudi, Rhobi alimwambia umeme ulikatika ukaharibu kila kitu.

"Umeme wetu huu," alisema Mseti. Akaanza upya na askari wasio na nyota. Hawa hakuwapa majina.

Rhobi alishona zipu ya sketi ya mteja kinyume, akaifumua, akaishona kinyume tena. Jumamosi akashindwa kuvumilia.

"Mseti, haukuwa umeme. Ni mimi niliwapeleka ukutani. Nisamehe, ndugu yangu."

Mseti akaacha mchezo. "Nani alitangulia kufa?"

"Mugeta."

"Masanja hakutaka kushuka shimoni siku ile," alisema Mseti. "Mimi ndiye niliyemlazimisha. Mpaka leo sijakanyaga kwa mama yake, Butiama."

Kesho yake, baada ya misa, walipanda gari la Butiama, Mseti na magongo yake, Rhobi na sukari kwenye mfuko. Walimkuta mama Masanja akianua mtama. Aliyatazama magongo, akamtazama Mseti mwenyewe.

"Nilidhani hutakuja, mwanangu."

Akamsogezea kigoda. Mseti hakukaa. Alianza kumweleza habari ya siku ile akiwa amesimama, na Rhobi akamshika mkono.