Maoni ya Wanywaji wa Nanganga

Kazi yangu ni kuzunguka Masasi nikiwauliza wanywaji wanaionaje bia ya kampuni yetu. Juzi, pale Nanganga, niliwakuta wanaume wengi wamekaa nje ya nyumba iliyopakana na baa. Mimi bwege nikadhani baa imefurika. Hata ukimya wao nikaudhani ni ulevi.

Nikamwendea mzee mmoja, nimevaa fulana yangu ya bia.

“Shikamoo, baba. Bia yetu mnaionaje?”

“Marahaba. Mwanangu aliipenda kuliko chakula.”

“Safi sana! Naweza kuongea naye?”

Aliniangalia, kisha akainuka taratibu. “Njoo.”

Nikamfuata ndani huku natabasamu. Wanawake walikuwa wameketi sakafuni wakilia, wameuzunguka mwili uliofunikwa shuka.

“Huyu hapa,” mzee akasema. “Muulize.”