Kakakuona Ndani ya Majani

Mbele ya watu wapatao arobaini, katika ua wangu mwenyewe hapa Butembo, niliwatuhumu watu waliokuja kumchumbia dada yangu kwamba wametuletea nyama ya kakakuona, na majani yalipofunguliwa ndani mlikuwa na samaki. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kwa sababu huko mbele kicheko kinapungua. Mimi mwenyewe kila nikifika kwenye sehemu ya samaki nasikia uso unawaka, kama mtu aliyeinamia jiko la makaa.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Jina langu ni Kambale, na kazi yangu ni habari. Naitumikia redio ndogo ya mtaa, nina daftari na kalamu mbili mfukoni (ya pili ni kwa ajili ya siku ile ya kwanza inapokauka mbele ya mkubwa), na kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wanaokuja kujifunza kwetu kwamba mwandishi kwanza anauliza: nani, wapi, lini, umejuaje. Likumbukeni hilo, maana siku hiyo sikuuliza hata swali moja.

Kitabu kililetwa na binti yangu Masika, mwenye miaka kumi na mmoja. Kilikuwa chembamba, kimetoka kwenye maktaba ya parokia, kina picha za wanyama walio karibu kutoweka: okapi, sokwe, tembo, kasuku wa kijivu, na huyo kakakuona, ambaye sisi tulizoea kumwita pangolini. Tukaanza kukisoma Jumapili baada ya misa, familia nzima, mke wangu akiwa na kazi yake ya kushona, dada yangu Kahindo akiambua maharage, na mimi nikisoma kwa sauti yangu ya redio, ambayo watu wa nyumbani hawaipendi lakini wanaivumilia. Nakiri kwamba Jumapili zile zilikuwa nzuri. Siku ya tembo mke wangu aliacha sindano akasema alipokuwa mtoto, kwao karibu na ziwa, tembo alipita nyuma ya nyumba yao na mama yake akawaziba wote midomo kwa kitenge kimoja. Miaka kumi na mitatu ya ndoa nami sikuwahi kuisikia habari hiyo! Mwanamume mwenye akili angefunga kitabu na kumuuliza mkewe yaliyofuata. Mimi nilisema, "Eh, kumbe," nikafungua ukurasa mwingine, kwa sababu nilitaka tumalize wanyama wawili siku hiyo.

Chini ya kila mnyama palikuwa na maswali, na baada ya kila swali mstari wa nukta nukta wa kuandikia jibu. Nilikuwa nikiyaruka. Siku ya kakakuona nilisoma kwamba hana meno, kwamba anakula sisimizi na mchwa, kwamba akiogopa anajikunja kama mpira na kubaki magamba matupu, na kwamba watu wa msituni wanamwinda hadi anakwisha. Hapo nikatulia kidogo, kama tunavyofanya redioni baada ya habari nzito.

"Papa, umeruka maswali," Masika akasema.

"Ile ni ya batoto. Utaijaza weye mwenyewe."

"Mais," akasema, yaani lakini, "banaandika tuulize mu famille. Sikia: 'Katika ukoo wenu kuna mnyama asiyeliwa? Kwa nini?'"

Kahindo akainua kichwa kutoka kwenye maharage. "Bakina Muhindo, kwabo kuko nyama moya yenye bo—"

"Kahindo, niache nimalize kwanza."

Akaniacha nimalize.

Huyo Muhindo ndiye mchumba wake, mwalimu kutoka upande wa Manguredjipa. Kahindo alikuwa amemngoja miaka mitatu, si kwa sababu mmoja wao alisitasita, bali kwa sababu kila tulipopanga siku ya wakubwa kuonana, njia ilifungwa: mara kijiji kimekimbia vita, mara pikipiki hazipiti, mara watu wako matangani. Baba yetu hayupo tena, kwa hiyo mimi kaka ndiye nilipaswa kuwapokea. Safari ya nne siku ilipatikana, Jumamosi. Kahindo hakulala vizuri wiki nzima, na alinionya mara mbili nisiongee sana (alinijua).

Walifika saa saba mchana, watu sita kwenye pikipiki tatu, wamejaa matope mpaka kwenye nyusi. Mbele alikuwa shangazi yake Muhindo, mama mzee mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyemlea tangu udogo. Mapajani alikuwa amepakata mzigo uliofungwa kwa majani makavu na kamba ya msituni, na waliniambia baadaye kwamba safari nzima alikataa ufungwe nyuma ya pikipiki pamoja na mifuko. Akanipa kwa mikono miwili.

"Kambale, hii ni ya nyumba yako. Tulikausha pole pole, wiki tatu. Mutafungua nyinyi benyewe."

Nikapokea, nikashukuru, na hapo kidole changu cha gumba kikazama katikati ya majani mawili. Nikagusa magamba. Makubwa, magumu, yamepandana. Nikapapasa zaidi: kitu kimejikunja, kama mpira. Kikanuka moshi.

Mke wangu alikuwa jikoni, hatua sita. Ningeweza kumpelekea mzigo akaufungua. Ningeweza kumuuliza shangazi, "Mama, ni nini?" kama mtu yeyote mwenye mdomo. Badala yake nikauweka juu ya meza kubwa ya uani, mbele ya wageni wote, na uamuzi huo mdogo ndio uliozaa mengine yote. Niwaambie na sababu, ingawa inaniaibisha kuliko tendo lenyewe. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimetoa kipindi kuhusu wanyama hao, watu walinisifu barabarani, na katika ua ule alikuwapo mwenzangu wa redio kutoka Beni, mtu wa mzaha, ambaye angefika kwao na kusema, Kambale anahubiri pangolini hewani na anamla nyumbani. Nilijionea huruma mimi. Sikumfikiria Kahindo, aliyekuwa ndani na shangazi zetu, wanamfunga kitambaa cha kichwa, akingoja aitwe.

Nikasimama. Natamani ningekuwa nimelewa, lakini nilikuwa nimekunywa soda.

"Bakwe zangu," nikasema, kwa sauti ile ile ya redio, "karibuni sana. Mais mbele ya kuendelea, mu nyumba hii tunasomaka. Kuko nyama zenye ziko karibu kuisha, na sheria inakataza. Donc sitaki kuficha. Masika! Leta kitabu."

Masika akaja nacho, akanivuta shati. "Papa, tuache kwanza."

"Fungua pa pangolini. Onyesha batu."

Na mtoto wangu akasimama pale, kitabu kimefunguliwa kifuani kama picha ya marehemu, huku mimi nikielekeza kidole mara kwenye picha, mara kwenye mzigo, nikieleza habari ya meno na mchwa na watu wa msituni. Nilisema hivyo hivyo, watu wa msituni, mbele ya watu waliotoka msituni alfajiri ile. Muhindo alikuwa akitazama viatu vyake. Shangazi aliinuka taratibu, akaja mezani, akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu (kamba ilikuwa imefungwa vizuri, ilichukua muda), akayafunua majani.

Samaki. Samaki mkubwa wa mtoni, mwenye magamba kama kucha za dole gumba, amekunjwa mkia mpaka mdomoni kama wanavyowakunja wote tangu zamani ili wakae vizuri juu ya moshi. Mimi nimewala samaki wa namna hiyo tangu utoto wangu.

Upande wetu ndio uliocheka kwanza, na hilo nalo silisahau. Kicheko kilianza kwa majirani, kikapita kwa vijana waliokuwa wamesimama, na yule mwenzangu wa Beni akaita kutoka nyuma, "Kambale, na huyu naye ako ku liste ya benye kuisha?" Ua ukapasuka. Nami nikafanya kosa la pili, nikacheka pamoja nao, nikasema eti hata samaki ana magamba, mtu anaweza kuchanganya, tusameheane, leteni chakula.

Shangazi akainua mkono. Kwa desturi angemwachia msemaji wao, mwanamume, lakini msemaji alikuwa ameinamisha kichwa.

"Huyu samaki, Muhindo alimuvua mwenyewe," akasema, pole pole. "Ya hiyo, hata mucheke. Mais ile ingine umesema, ile haina ya kucheka. Kwetu pangolini hatukulake. Baba yangu hakukula, na baba yake hakukula. Mutu wa kwetu akiikuta mu njia, anasimama, anaingojea mpaka ipite, hata kama mvua iko nanyesha. Ikiwa mu mutego, anaifungua. Ile nyama ni sisi. Sasa wewe unatuambia, mbele ya batu, asema tumekausha ndugu yetu ku moto, tumekuletea ukule?"

Kicheko kikafa. Niliwahi kusikia ukimya wa namna hiyo mara chache, nikiwa kazini, mahali ambako tulikwenda kuhesabu nyumba zilizoungua.

Niligeuka, nikamwona Kahindo mlangoni. Wamemvalisha kitenge cha kijani, kitambaa kimefungwa upande mmoja tu.

"Yaya," akasema, yaani kaka, bila kupaza sauti, "ile Jumapili nilitaka kukuambia."

Nikaomba msamaha. Niliomba vibaya, kwa maneno mengi, nikataja kitabu, nikataja sheria, kila neno likiongeza kuni motoni. Chakula kikaletwa. Ugali ukapoa mbele yao. Walikunywa maji tu, na kwetu mgeni anayekunywa maji tu mbele ya chakula ameshasema lote. Ilikuwa imepangwa walale mpaka Jumatatu, shangazi apumzishe magoti, na Muhindo abaki Butembo wiki nzima. Saa tisa pikipiki zilikuwa zinawashwa. Muhindo akaniambia, akitazama pembeni, kwamba hawezi kumwacha mama mzee arudi peke yake na moyo wa namna hii.

Shangazi akanishika mkono. "Wasingya, Kambale," akasema, asante, kama anavyoshukuriwa mtu aliyekusindikiza. Samaki akabaki mezani, majani yamefunuliwa.

Kesho yake jioni Muhindo alimwandikia Kahindo ujumbe: "Tumefika. Shangazi anasema tutaongea." Tulilisoma hilo neno la mwisho mara nyingi, kila mtu kwa sauti yake. Mke wangu alisema ni zuri, kwamba mtu aliyekata kamba hasemi tutaongea. Nikaanza kutafuta mzee wa kunisindikiza, niende mwenyewe nikaombe radhi kwao.

Siku nne baadaye, saa moja asubuhi, nilisoma habari redioni kwamba njia ya upande ule imefungwa, kwamba vijiji vimekimbia usiku na mtandao wa simu umekatika. Niliisoma mimi mwenyewe, kwa ile sauti. Mstari wa tatu ulikuwa na jina la kijiji chao.

Ni mwezi wa tatu sasa. Nimeuliza (sasa nauliza, nimekuwa hodari wa kuuliza) kwa madereva, kwa mapadri, kwa kila kundi la waliokimbia linalofika mjini. Wengine wanasema watu wa kijiji kile walielekea Beni, wengine wanasema waliingia msituni zaidi. Kahindo hajanilaumu tena tangu siku ile mlangoni, na ingekuwa nafuu angenilaumu. Ananipa chakula, ananisalimu, anakwenda sokoni. Kinachonila si aibu ya samaki. Ni kwamba kama ningefunga mdomo, Muhindo angekuwa Butembo wiki ile.

Tumerudi kwenye kitabu, kwa sababu Masika alikataa kukirudisha maktaba kabla hakijakwisha. Nimeapa mbele yao: sirudii kuruka maswali, na katika nyumba hii atakayetaka kusema neno katikati ya ukurasa, ukurasa utangoja. Sasa tunasoma mnyama mmoja kwa Jumapili tatu. Mke wangu amemaliza hadithi ya tembo, na ina mwisho ambao nisingeubahatisha. Tulipofika tena kwenye swali la ukoo, Masika alinipa kalamu, akanionyesha ule mstari wa nukta nukta. Nikaona sijui. Nikampigia simu mjomba, akasema, "Ile, ni baba yenu alikuwa anajua." Mstari wetu uko mtupu. Chini yake Masika ameandika kwa herufi ndogo: "Kwa bakina Muhindo: pangolini."

Na samaki yupo. Kumla tuliogopa, kumtupa tuliogopa zaidi, kwa hiyo Kahindo alimfunga upya kwa majani yale yale, kwa mafundo matatu, akamtundika juu ya jiko penye moshi. Kila Jumamosi anamshusha, anamkagua kama ameingia wadudu, anamgeuza, anamrudisha. Nilimuuliza mpaka lini.

"Tutamukula siku benyewe batakuja," akasema.

Leo asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nimepiga tena namba ya Muhindo. Haijaita.