Macawis Kwenye Mnyororo

Nichekeni tu, maana wenye haki ya kunicheka kwanza walishanicheka, na mpaka leo nikipita mashamba ya mtoni sijui niyaweke wapi macho yangu.

Jumamosi ile ami zangu walikuwa waende alasiri kwa Mzee Dubow kuniombea binti yake, Hamdi. Mimi (kwetu mwenye kuoa haendi) niliambiwa nitulie nyumbani, mtaani Waberi. Nani angetulia? Baada ya swala ya alfajiri nikatoa baiskeli yangu ya mbio nikafanye mzunguko wangu wa kawaida, mjini, soko la mifugo, halafu mashamba ya kando ya Tana na kurudi. Nilikuwa nimevaa ile kaptura ya kubana ya waendesha baiskeli, nikafika mlangoni, nikawafikiria akina mama wa mtaa, nikarudi ndani nikajifunga macawis juu yake, kikoi changu kipya kabisa. Hapo ndipo nilipojiponza.

Mji ulikuwa bado na usingizi, mbuzi wamelala katikati ya barabara kama wenyewe. Nilipoteremkia mtoni hewa ikabadilika, ikawa na ubaridi na harufu ya udongo uliomwagiliwa, ukungu mwembamba umekaa juu ya migomba, barabara inapanda kidogo, inashuka kidogo, nami nashuka nayo bila kukanyaga pedali, namwona Hamdi kwenye nyumba yetu ambayo haijajengwa, anamimina chai, na mapazia ya kijani (sijui kwa nini kijani) yanapepea nyuma yake. Nilikuwa na furaha mpaka kundi zima la ngamia lingenipita nisilione.

Basi kwenye mwinuko wa mwisho nikakanyaga kwa nguvu, na mnyororo ukalimeza pindo la macawis, ukalivuta, ukalivuta tena, baiskeli ikayumba, nami nikaenda polepole, kama bado naota, mpaka ndani ya mfereji wa shamba la matikiti. Nilipoinua uso, wazee wanne wameketi mkekani na chupa ya chai. Mmoja ni Mzee Dubow, ninayemjua kwa sura, na yeye hanijui.

"Bole, kijana. Umeumia?" akauliza Mzee Dubow, kwa ile pole yetu ya Kisomali isiyo na p.

"Hapana, adeer," nikamwita ami kwa heshima. "Assalamu alaykum."

Wakaja wote. Mnyororo umeishika macawis, macawis imenishika mimi.

"Toa tu hiyo kitu," akasema Mzee.

Nikaing'ang'ania kiunoni kwa mikono miwili. "Siwezi, adeer."

(Kaptura ninayo ndani, lakini kaptura ile inaficha nini mbele ya baba mkwe?) Wazee wakatazamana, wakaelewa walivyoelewa.

Sasa kwetu mzee lazima ajue anamsaidia nani. "Wewe mtoto ya nani?" Ningefanyaje? Nimelowa, nimeinama, nimefungwa na baiskeli, nikaanza kuwataja baba na babu zangu: Abdi, wa Farah, wa Bile, wa Noor. Nilipofika kwa baba wa babu wa babu, Mzee akainua mkono.

"Ngoja. Wewe ndio ile ya leo alasiri?"

"Ndiyo, adeer."

Akavua shali yake begani, akanizungushia, akageuza uso pembeni, akaomba panga, akaikata macawis.

Jioni ami mkubwa alirudi, akaketi, akanywa chai yake yote.

"Amekubali," akasema mwishowe. "Anasema kijana ana haya. Lakini siku ya harusi anaomba uje na gari."

Kipande kilichobaki kwenye mnyororo Mzee alikichomoa mwenyewe akampelekea binti yake. Hamdi anakitumia kuipua sufuria ya moto, hasa tukiwa na wageni, na wakiuliza mbona kina grisi anawaambia waniulize mimi. Mapazia yalikuja kuwa ya kijani kweli. Baiskeli bado naendesha, alfajiri, na bado naota njiani, ila ndani ya suruali pana iliyochomekwa kwenye soksi, na nikilikaribia lile shamba nashuka nasukuma.