Siku Tuliyoacha Majani Yachemke

Supavaiza aliinua chupa yangu juu ili genge zima la wachuna chai lione, akafungua kifuniko, akamwaga maziwa ya kifua changu kwenye matope. Hakufanya haraka. Alimwaga polepole kama mtu anayemwagilia sukuma wiki. Halafu akaitupa chupa, akasema, "Hapa ni shamba la chai, si zizi. Anayetaka kukamuliwa aende kwa ng'ombe."

Wapakiaji wawili wa lori wakacheka. Mimi nilisimama na kikapu mgongoni, eproni ya nailoni imelowa umande na blauzi imelowa maziwa. Sikulia. Nilifikiria jambo moja tu: saa sita lori litapita kambini tunakoishi bila chupa, na msichana wangu wa miezi mitatu atakaa na njaa mpaka jioni.

Wacha nirudi nyuma, kwa sababu mtu akisikia hapo tu atasema, ah, maziwa kidogo hivyo, si angekamua mengine.

Kabla ya huyo msichana nilikuwa na mvulana. Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi shambani, yeye nikamwacha kambini. Kutoka asubuhi mpaka jioni matiti yalijaa, yakawa magumu kama mawe, na mimi nachuna tu. Baada ya wiki chache yakaacha kujaa. Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu maumivu yaliisha. Mtoto tukampa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji. Akaanza kuhara. Mvua kubwa zilipoanza tulimzika nyumbani, upande wa Mogogosiek.

Baadaye nesi wa kliniki ndiye aliniambia: titi hutengeneza kile linachotolewa. Ukiacha kutoa, nalo linaacha kutengeneza. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nililielewa hapo hapo, maana hata chai iko hivyo. Meza ya chai, ule usawa wa juu wa vichaka, usipoichuna, inaacha kuchipua vizuri, inageuka miti. Nilitoka kliniki nikijiuliza kwa nini jambo dogo namna hiyo nililijua wakati nilikuwa tayari nimezika.

Kwa hiyo msichana alipozaliwa niliapa. Mama mkwe alihamia kambini kumshika. Magoti yake yalikuwa mabaya, hangeweza kupanda mpaka shambani, na supavaiza alikuwa amesema hataki kuona mtoto kwenye bloki yake. Hata chupa alikataa. Alisema maziwa yakimwagikia majani, kiwandani watarudisha lori zima. Nikapatana na dereva wa lori la saa sita, mzee mpole wa Litein: mimi nakamua saa tatu na saa tano nyuma ya vichaka, yeye akipita kambini anampa mama mkwe chupa.

Siku ya kwanza nilifanya ujinga. Niliificha chupa ndani ya kikapu, katikati ya majani, nikidhani hapo kuna baridi na supavaiza hataiona. Jioni nilipofika nyumbani mama mkwe alinipokea na chupa mkononi. Aliinusa tena mbele yangu, akakunja uso.

"Mama, huyu mtoto umemtengenezea mursik?"

"Imeharibika?"

"Maziwa yangu ya mursik yanakaa kwenye kibuyu siku nyingi na hayajawahi kunuka hivi. Mtoto nimempa maji ya kijiko, amelia mpaka akachoka, mimi pia nikalia."

Kesho yake nikamwambia jirani yangu wa mstari, mwanamke kutoka upande wa ziwa aliyekuwa akichuna kando yangu. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Dada, umechuna chai miaka yote hiyo na hujui majani yakishindiliwa yanachemka? Umempikia mtoto!"

Nilijua. Kila mchunaji anajua. Majani mabichi ukiyabana kwenye gunia yanapata joto, yanageuka mekundu, kiwanda kinayakataa. Nilijua mambo ya majani, sikuwa nimeyaunganisha na maziwa. Jirani ndiye alinionyesha mahali pazuri: kijito kilichopita chini ya bloki, maji yake baridi ya kuuma vidole. Nikafunga chupa kwa kamba kwenye mzizi, nikaizamisha. Kuanzia siku hiyo mtoto alikunywa kwa kikombe, mashavu yakajaa. Mama mkwe alianza kumwita meneja, kwa sababu ya tumbo.

Ilienda hivyo wiki tatu, mpaka supavaiza aliposhuka kijitoni kuosha buti, akaona kamba.

Sasa turudi kwenye matope.

Ilikuwa wakati wa kupima. Supavaiza alifuta mikono akaita mtu wa kwanza aweke gunia kwenye mzani. Huyo wa kwanza alikuwa jirani yangu. Badala ya kuliinua, alikaa juu yake.

"Wewe, leta gunia."

"Leo sipimi, bwana mkubwa. Kiuno kinauma."

"Kiuno?"

"Kiuno. Nadhani nataka kukamuliwa."

Kicheko kikapita mstari mzima. Mwingine nyuma akasema, "Hata mimi kiuno," akakaa. Halafu mwingine, mpaka mama mmoja wa kanisa ambaye sijawahi kumsikia akimjibu mwanamume. Alikaa, akavuta sketi juu ya magoti, akafunga macho kama anaomba. Mwisho nilibaki mimi peke yangu nimesimama. Jirani akanivuta kwa eproni: "Kaa, wewe ndiye mgonjwa mwenyewe."

Supavaiza alipiga kelele, akatisha, akaandika majina kwenye kitabu. Hakuna aliyeinuka. Jua lilikuwa limetoka. Tukaona ameacha kelele, ameanza kutembea kati ya magunia. Akaingiza mkono kwenye gunia moja mpaka kiwiko. Akautoa. Akaingiza kwenye lingine. Dereva wangu wa Litein, aliyejua kila kitu, aliegemea honi kwa dakika nzima, kisha akatoa kichwa dirishani: "Mkubwa, naona majani yanachemka!"

"Kina mama," supavaiza akasema, "tafadhali."

Miaka yote sikuwa nimemsikia akisema neno hilo.

Meneja alifika kwa gari. Alichukua majani mkononi, akayanusa, akaona wekundu umeanza. "Shida ni nini hapa?"

"Uliza matope, bwana," jirani yangu akamjibu, na akaonyesha kwa kidole. Weupe ulikuwa bado haujanywewa na udongo. Chupa ilikuwa kando yake.

Meneja alimgeukia supavaiza. "Ulimwaga?" Supavaiza aliangalia buti zake, zile alizokuwa ameziosha.

Siku hiyo, kwa amri ya meneja, nilienda kambini na lori la saa sita, nimekaa mbele na dereva kama mke wa mkubwa. Mama mkwe alisimama mlangoni na mtoto analia. Nilimnyonyesha hapo hapo kizingitini, majani yamejaa kwenye nywele zangu, na dereva akasubiri bila kuzima injini. Kuanzia wiki iliyofuata nilipewa saa moja kila mchana, na kwenye banda la kupimia kikawekwa chumba chenye mlango na ndoo ya maji baridi. Wanawake walionifuata walikitumia. Msichana wangu alinyonya mpaka miaka miwili. Leo yuko sekondari, amenipita urefu, na sauti yake ni ya mtu ambaye hajawahi kulala njaa.

Ni yeye aliyenisomea karatasi. Mbili, za Kiingereza, nilikuwa nimezitunza kwenye Biblia. Kila niliporudi kutoka likizo ya uzazi, karani wa ofisi alinipa moja niweke dole gumba, akaniambia ni ya kuonyesha nimerudi kazini. Msichana alisoma ya kwake, akasoma ile ya kaka yake. Maneno ni yale yale: kwamba mimi nimepewa saa moja ya kunyonyesha kila siku na nimeikataa kwa hiari yangu.

Kumbe saa ilikuwepo. Hata wakati wa mvulana.

Supavaiza nilimshinda mbele ya watu, sina haja naye tena. Wewe karani ndiye ninayekutaka. Nakuona sokoni Litein siku za soko, na kofia yako, unachagua viazi, unanisalimia vizuri. Hizi karatasi ninatembea nazo kwenye mkoba. Nani alikutuma uniandikie kwamba nimekataa? Kama ni meneja, sema ni meneja. Kama ni supavaiza, sema. Kama ni wewe mwenyewe, simama hapo kwenye viazi, mbele ya msichana wangu anayejua kusoma, uniambie mtoto wangu wa kwanza nilimkatalia saa gani.