Tangi la Mchanga la Wekoye Khaemba

Mwaka 1954, Wekoye Khaemba wa Kamukuywa alikuwa mtunzaji wa bwawa la kuogelea katika klabu moja ya masetla mjini Kitale. Yeye mwenyewe hakujua kuogelea, na hakuna aliyemwuliza.

Pampu ilisukuma maji ya bwawa kupitia tangi la chuma lililojaa mchanga. Mchanga ulishika uchafu, maji yakarudi safi. Uchafu ulipozidi, maji yalipita kwa shida na mshale wa geji ya presha ukapanda. Hapo Wekoye aligeuza vali, maji yakaingia tangini kutoka chini, yakainua uchafu na kuumwaga mtaroni. Mchanga ulipotoka kuoshwa, mshale ulisimama kwenye kumi. Ulipofika kumi na nane, aliosha tena. Ilichukua siku nane au tisa. Alipaka alama nyekundu penye kumi na nane kwenye kioo cha geji, akawa anaingojea ameketi.

Mwezi wa Agosti alikuja katibu mpya wa klabu, Bwana Pratley, mtu aliyependa sana usafi. Alimkuta Wekoye ameketi.

"Osha mchanga mara tatu kila siku," aliamuru. "Mimi tasikia maji kwa mtaro."

Mtaro ulipita chini ya dirisha la ofisi yake. Wekoye akaosha mara tatu. Kufikia Jumapili, bwawa lilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele, na Jumamosi iliyofuata palikuwa na mashindano.

"Jumamosi mimi tatupa sahani ndani ya maji," alisema Bwana Pratley. "Kama mimi hapana ona, wewe kwenda Kamukuywa."

Wekoye alikuwa na watoto wanne shuleni. Jioni ile alikwenda jikoni kwa Yakub, mpishi wa klabu, akamweleza.

"Si uoshe mara nne, bana?" alisema Yakub. "Labda mchanga wako ni Mbukusu kama wewe. Hausikii mpaka uambiwe tena."

"Yakub, wewe hujawahi kunywa busaa."

"Alhamdulillahi."

"Basi sikiliza. Tunazunguka chungu kimoja, kila mzee na mrija wake mrefu. Kwenye ncha kuna kichujio cha kusukwa. Kikiwa kitupu, machicha yanapita, unatafuna. Yakishika kidogo, pombe inakuja laini. Kikiziba, unavuta mpaka mashavu yanauma. Hapo ndipo unapuliza, mara moja tu. Kwetu kuna mtu anaitwa Mukhisa, ati yeye alikuwa anapuliza kila wakati. Tulitafuna machicha jioni nzima. Wazee wakamnyang'anya mrija."

Yakub alimenya kitunguu kizima kabla ya kujibu.

"Kwa hiyo Bwana Pratley ni Mukhisa."

"Ndiye."

"Mnyang'anye mrija."

"Nitamnyang'anyaje? Anasikiliza mtaro."

"Anasikiliza," alisema Yakub. "Lakini haangalii."

Kuanzia Jumatatu, Wekoye hakugusa vali. Mara tatu kwa siku alifungulia mpira wa bustani mtaroni, dakika tano kamili, kwa sauti ya kutosha. Ofisini Bwana Pratley alisikia, akatia alama kwenye kalenda. Jumanne mshale ulifika kumi na moja, Alhamisi kumi na tatu. Ijumaa Wekoye aliona ngazi ya bwawa mpaka kidato cha mwisho.

Jumamosi saa moja asubuhi, Bwana Pratley alitupa sahani penye kina kirefu. Waliinama wote wawili. Sahani ilikuwa na ufa mdogo ukingoni, nao ulionekana.

"Umeona?" alisema Bwana Pratley. "Mara tatu kila siku!"

"Ndiyo, Bwana."

"Sasa fanya mara nne."

"Ndiyo, Bwana."

Alifungulia mpira mara nne kila siku kwa miaka minne. Kando ya mtaro alipanda kunde, zikastawi hata wakati wa kiangazi, na Yakub akazipika.

Bwana Pratley alipoondoka mwaka 1958, alimwandikia Wekoye barua ya sifa. Binti wa Wekoye, Rahab, alimsomea: mtu huyu ameosha mchanga mara nne kila siku, wala hajakosa hata siku moja. Wekoye aliisikiliza mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kutazama geji.

Mshale ulikuwa kwenye kumi na sita. Akaketi.